Mkeka wa Mwisho wa Bi Somoe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, maana kompyuta zilishaingia hadi kwenye zahanati, palikuwa na karani wa mapokezi wa zahanati moja upande wa Lindi aitwaye Bi Somoe. Kwa miaka ishirini na miwili kila mtoto aliyechanjwa pale aliandikwa na mkono wake. Kisha kiharusi kikampiga. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi. Akabaki na wa kushoto, nao unatetemeka.

Akarudi kazini, kipanya akakihamishia kushoto. Lakini mfumo wa kumbukumbu ulimtesa. Jina la mtoto liko katikati ya kioo cha kompyuta, kitufe cha chanjo kiko juu pembeni, cha tarehe kiko chini, cha kuchapisha kadi kiko kwingine kabisa. Mkono ukienda, unapotea njiani. Foleni ya akina mama ikarefuka mpaka nje.

Mganga mfawidhi akamwambia kwa huruma, "Bi Somoe, tuone mwezi huu. Foleni isipopungua, itabidi ukapumzike nyumbani."

"Sawa, daktari," akaitikia. Akaenda chooni, akalia.

Aliyeliona jambo lile ni Hokororo, mfagizi. Kompyuta haijui, lakini kila alipofagia mapokezi alisimama nyuma ya Bi Somoe akatazama. Siku aliyokuja Chilumba, fundi wa mfumo, Hokororo akamshika shati.

"Mwanangu, huyu mama hachoshwi na kazi, anachoshwa na safari. Vile vitu anavyovifuata, haviwezi kumfuata yeye?"

Chilumba akakitazama kioo. "Vinaweza, mzee."

Alikuwa na likizo ya siku tisa, aliyoiomba akaezeke nyumba ya mama yake. Akazitumia zote. Alitaka Bi Somoe akilibofya jina la mtoto kwa kitufe cha kulia cha kipanya, menyu ifunguke palepale penye mshale: Amechanjwa, Panga tarehe, Chapisha kadi, Futa. Mwanzoni kivinjari, ile programu ya kufungulia mfumo, kikawa kinaleta menyu yake chenyewe, ya mambo asiyoyahitaji. Chilumba akahangaika nacho hadi kikampisha.

Bi Somoe alipoijaribu alicheka kama msichana. Ila Sista Tekla, muuguzi wa chanjo, akasema, "Bado."

Akaukalia mkono wake wa kulia, akashika kipanya kwa kushoto, akajitetemesha. Mara ya nne akaangukia Futa, na mtoto wa mfano akatoweka na chanjo zake zote.

"Hii haitumiki," akasema.

Chilumba akakasirika. Mganga mfawidhi akamwambia Sista asiwacheleweshe. Bi Somoe mwenyewe, mwezi ukimwishia, akamwambia ana roho mbaya. Sista Tekla akang'ang'ana siku tatu, mpaka Futa ikasogezwa chini kabisa, mbali na wenzake, tena isifute kabla ya kuuliza.

Siku ya kwanza ya menyu ile, mtoto wa saba, mkono wa Bi Somoe ukateleza. Kioo kikauliza: Una hakika unataka kumfuta? Akabofya Hapana. Akainua macho, akamtafuta Sista Tekla kule kwenye chumba cha sindano.

Foleni ikaisha kabla ya adhuhuri. Mwezi ukaisha, na mganga mfawidhi akaja mwenyewe mapokezi: "Bi Somoe, kiti ni chako."

Basi akawaita wale watatu nyumbani, akawalisha wali na samaki wa nazi. Kisha akatoa mkeka wa ukindu wa rangi, alioumaliza wiki moja kabla ya kiharusi. Mkono uliousuka hautasuka mwingine.

"Nina shukrani tatu na mkeka mmoja," akasema. "Kuukata siwezi. Adabu ziacheni mlangoni, kila mtu aseme haki yake."

"Mimi sikuandika hata herufi," akasema Hokororo. "Lakini wangapi walipita nyuma ya kile kiti? Wote walimwona mgonjwa. Mimi niliiona safari. Nisingesema, nani angetengeneza nini?"

"Kweli uliona, mzee," akasema Chilumba, "ila macho hayajengi. Mimi nilitoa likizo yangu, na mvua ikamkuta mama yangu chini ya paa bovu. Ile menyu ni jasho langu."

Sista Tekla alikuwa akitazama sakafu. "Nyinyi mlipendwa tangu mwanzo. Mimi nilichukiwa na kila mtu, hata na mwenye mkeka. Na bila ubishi wangu, siku ile ya kwanza ingekuwa siku yake ya mwisho kazini."

Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja. Akausogeza mkeka kwa Hokororo, akaurudisha. Akausogeza kwa Chilumba, akaurudisha. Akausogeza kwa Sista Tekla, mkono ukaganda hewani.

Haya, nyinyi mliokaa kitako mkisikiliza, msitazamane. Yupo aliyeona, yupo aliyejenga, yupo aliyekataa. Je, mkeka ule alistahili nani?