Mbegu ya Ngiri Inapumua

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amenyamaza kule nyuma? Eti mdomo umejaa muhogo. Haya, meza kwanza, nakusubiri. Na nyinyi watu wazima itikieni, msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika mbuga ya udongo mweusi, ule udongo unaong'ang'ania miguu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, waliishi Ngiri na Nungunungu. Ngiri alikuwa na mke na watoto. Nungunungu alikuwa mjane, akiishi peke yake. Wote wawili walilima dengu.

Tena walikuwa watani. Ukoo wa Ngiri na ukoo wa Nungunungu walitaniana tangu enzi za mababu. Mtani anakusema vibaya, unacheka. Mtani anakunyang'anya kiazi mdomoni, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Na Nungunungu alikuwa fundi wa utani. Mwaka mmoja mvua ilichelewa, akamwambia Ngiri dawa yake ni kukimbia mkia umesimama wima, ili uyatoboe mawingu. Ngiri akakimbia kutwa nzima, mkia juu. Mvua haikunyesha, ila mkia ukazoea. Mpaka leo akikimbia, mkia juu. Msicheke sana, na nyinyi mmewahi kudanganywa.

Sasa, dengu ina tabia yake. Haipandwi mvua zikianza. Hupandwa mvua zikiisha, udongo ukiwa bado una maji tumboni. Kwa hiyo mbegu uliyovuna kiangazi utaitunza masika yote, ndipo uipande. Na mwaka huo mavuno yalikuwa haba. Walikula, wakala, ikabaki mbegu tu. Ngiri alijua kabisa kwamba mbegu ile ikifa, watoto wake watashinda njaa mwaka mzima.

Nungunungu akaanika dengu zake juani. Akaanika, akageuza. Akaanika, akageuza. Akatia punje moja kinywani, akauma: ka! Ikavunjika, maana yake imekauka. Akatwanga majani makavu ya mwarobaini. Akachekecha majivu ya jikoni. Akachanganya vyote na mbegu, akajaza kibuyu mpaka shingoni, akakiziba kwa gunzi la hindi, akapaka nta ya nyuki kuzunguka mdomo, hata pumzi isipite. Akakiweka pembeni, hakukigusa tena.

Ngiri je? Ngiri alitia dengu zake kwenye gunia, akaliacha mdomo wazi, akaliegemeza ukutani. Basi, kazi imekwisha.

Nungunungu akapita, akaliona gunia, akacheka. Alimwambia mtani wake kwamba wadudu wale fukusi watakula mbegu yote, wakimaliza watamla na yeye, wabakize yale meno yake ya kutundikia gunia tupu. Kisha, huku bado anacheka, akamweleza habari ya majivu, na mwarobaini, na kibuyu kilichozibwa.

Ngiri naye akacheka. Alipoondoka mtani, akamgeukia mkewe.

"Safari hii hanipati," akasema. "Eti niizibe mbegu ndani ya kibuyu. Mbegu ni kitu hai, mke wangu, inapumua kama mimi na wewe. Anataka niinyonge, halafu aje anicheke."

Masika yakaja. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Unyevu ukaingia guniani. Fukusi nao wakaingia, nani angewazuia na mlango uko wazi? Siku moja gunia likaanza: kre, kre, kre. Mama Ngiri akasikia, akaingiwa na hofu, akamwita mumewe. Ngiri akatega sikio. Kre, kre, kre. Uso ukamchangamka. Akawaita na watoto, waje wasikie mbegu ya baba yao inavyopumua. Watoto wakasikiliza, wakafurahi mno. Jamani, jamani.

Mvua zikaisha. Mbuga nzima ikatoka kupanda. Ngiri akatia mkono guniani, akatoa vumbi. Akatia tena, akatoa punje zenye matundu. Mama Ngiri akauliza matundu hayo ni ya nini. Ngiri, mdomo haumwishi maneno, akajibu kwamba kila kinachopumua kina pua. Wakapanda zile pua.

Wakangoja. Shamba la Nungunungu likachipua, kijani tupu. Shamba la Ngiri, kimya. Akafukua hapa, akakuta ganda. Akafukua pale, akakuta ganda. Na udongo umeanza kukauka juu, nyufa ndogo ndogo zinafunguka. Zikipita siku chache tu hivi, hata ukipanda mbegu nzima haitaota. Hapo Ngiri akaogopa kweli kweli. Akaenda mbio kwa mtani wake.

Akamwambia mbegu imekufa yote. Nungunungu akacheka. Ngiri akamwambia watoto hawana kitu. Nungunungu akacheka zaidi, akashika mbavu, akasema leo mtani amejifunza kutania vizuri, machozi na kila kitu. Ngiri akabaki amesimama pale, machozi yanamtiririka mpaka kwenye meno. Nungunungu akamtazama. Kicheko kikamkauka. Akasogea karibu, akamwita, "Ndugu yangu."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo hata mara moja. Ngiri aliposikia mtani wake hamtanii, akalia kwa sauti.

"Lakini nilikuambia," akasema Nungunungu.

"Uliniambia huku unacheka," akajibu Ngiri. "Na siku ya kunidanganya habari ya mkia ulicheka vilevile. Ningejuaje?"

Nungunungu aliona aibu, na aibu ilimstahili. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kingine alichokuwa amekiweka akiba. Akabandua nta, akang'oa gunzi. Harufu ya mwarobaini ikatoka, chungu puani. Akamimina: dengu nzima, ngumu, hata moja haina tundu. Akamwachia Ngiri nyingi kuliko alizobakiza. Wakapanda pamoja, Ngiri, mkewe, watoto na mjane yule, wakichimba chini zaidi mahali udongo ulipokuwa bado na ubaridi. Hawakupumzika mpaka shamba likaisha.

Dengu ikaota. Haikuota yote, maana walichelewa, lakini watoto hawakulala njaa.

Na tangu siku hiyo Nungunungu ana desturi. Akitaka kutania, anatania tu. Lakini akiwa na neno la kweli, kwanza anatikisa miba yake: chaka-chaka-chaka! Ukiisikia, ujue hapo hakuna mchezo. Simba mwenyewe akiisikia husimama.

Basi wanangu, na nyinyi mnaojifanya mmesinzia: mbegu ikaushwe, ichanganywe dawa yake, ifungwe, iachwe. Na ukiwa na la kweli la kumwambia mwenzako, usilivike nguo za utani, kwani mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hadithi yangu imeishia hapo, mdomo wa kibuyu nimeuziba. Anayetaka kuongeza neno, atikise miba kwanza.