Mkwe Haingii Chumbani

Hapo zamani za kale, na anayejua kubisha aanze sasa hivi kabla sijapata moto, palikuwa na Fisi aliyepigwa mpaka kanzu yake ikabaki kola. Tena hakupigwa kwa kosa la wizi, ingawa alikuwa mwizi. Alipigwa kwa kosa la kukosa adabu ya ukwe.

Haya, bisheni! Mbona kimya?

Mimi Chiriku sijasoma sana. Darasa la pili niliwaachia wenyewe, maana Mwalimu Korongo alisema darasani hapatoshi midomo miwili. Lakini haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu, nimekaa juu ya paa la Bi Nyati. Kwa hiyo nyie makinda, tulieni.

Kijiji chenyewe kiliitwa Jiweni. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, na ngoma ya mavuno haichezwi kijijini, huchezwa ng'ambo ya mto. Siku hiyo kijiji kizima huhamia huko, tembo kwa digidigi, na nyumba hubaki zimefungwa kwa kamba ya ukili tu.

"Nani ataiba kwangu?" Tembo alisema akiondoka. "Mwizi akiona nyayo zangu tu, anajikojolea."

Waliobaki ni wawili. Bi Nyati alibaki kwa sababu ya mgongo. Bi Pimbi alibaki kwa sababu mwanawe, Zawena, alikuwa na homa.

Bi Pimbi mnamjua umbo lake. Ukimweka kapuni, panabaki nafasi ya papai. Nyumba yake ilikuwa ufa kwenye mwamba, mkabala na kwa Bi Nyati. Mlangoni papana, ndani pamebana kama shingo ya mtungi, halafu chumba kimoja tu, cha kulala. Na chini ya kitanda, gunia la mbegu za kijiji kizima: mtama, kunde, choroko. Mwambani hapaingii mdudu wala unyevu, ndiyo maana kila mtu aliweka mbegu zake kwake. Gunia lile likipotea, msimu ujao Jiweni wangepanda mate.

Basi, ngoma ng'ambo inalia, ndi-ndi-ti! ndi-ndi-ti! Mara nikasikia kitu kingine. Kwichi, kwichi, kwichi.

Mkokoteni!

Mbele yuko Fisi, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi, ananukia udi mpaka juu ya paa. Nyuma yuko Ngiri, anasukuma, jasho linamtiririka kwenye pembe za mdomo.

Wakaanza kwa Bi Nyati.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Shikamoo, mama. Mzee amenituma. Ngoma imekolea, wageni wamezidi, hakuna pa kukalia. Anasema nichukue mikeka mitatu na lile sufuria kubwa la shughuli."

"Amesema mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake! Tena akasema, mwambie mke wangu, mgongo wake sijausahau, nitarudi na mafuta ya kuchua."

Bi Nyati akayeyuka kama samli juani. "Jamani mume wangu! Kumbe huwa ananisikia!" Akatoa mikeka. Akatoa sufuria. Akaongeza na mwiko, ambao hata hakuombwa. Kisha akaketi kibarazani, anajipepea, anatabasamu peke yake.

Mkokoteni ukageuka. Kwichi, kwichi. Unaelekea mwambani.

"Hodi, mwanangu!"

Bi Pimbi akatoa pua tu. "Nani mwenzangu?"

"Hunijui, na si kosa lako. Mimi na marehemu baba yake mumeo tulichanjiana. Damu yake imo humu." Fisi akakunja mkono wa kanzu, akaonyesha kovu. Kovu lile mimi nalijua, aling'atwa na mbwa wa wawindaji. "Sasa kama nilichanjiana na mkweo, mimi ni nani kwako?"

"Ni baba mkwe," alisema Bi Pimbi polepole.

"Ahaa! Mtoto aliyelelewa huyo. Na Zawena je, homa imeshuka?"

Bi Pimbi akashtuka. Huyu mtu anamjua Zawena. Anaijua hata homa.

"Imeshuka kidogo, baba."

"Tushukuru. Sasa, Baba Zawena na wazee wamekaa, wameamua lile gunia la mbegu lihamishwe leo hii. Msimu wa sikukuu huu, mwanangu, wezi wamejaa."

"Wezi!"

"Wezi! Tena si wa kuvunja milango. Wanakuja na maneno matamu, hutawajua." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Dunia imeharibika."

Ngiri akaguna kuzuia kicheko.

Bi Pimbi akamwangalia Fisi. Akaangalia mkokoteni. Akaiona mikeka ya Bi Nyati. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, kama anauliza bei ya chumvi:

"Baba, samahani. Baba Zawena aliondoka anakohoa. Hajaivua ile kofia nyekundu niliyomfumia?"

"Aivue!" Fisi akacheka. "Ngoma nzima inaiulizia kofia ile. Imemkaa, utadhani alizaliwa nayo!"

Sasa sikilizeni, makinda. Baba Zawena hana kofia. Si nyekundu, si nyeusi. Tangu azaliwe kichwa chake hakijaonja kofia.

Hapo Bi Pimbi akajua huyu si mkwe. Mwizi yuko hatua moja kutoka puani kwake. Nyuma yake Zawena anakohoa. Mbele, ng'ambo ya uwanja, yuko Bi Nyati, ambaye kwa pembe moja tu angeupasua mkokoteni ule, lakini anajipepea na kumwamini Fisi kuliko anavyoamini jua. Bi Pimbi akipiga kelele "mwizi", meno yatamfikia kabla Bi Nyati hajanyanyua mgongo. Na je, Bi Nyati ataamini?

Bi Pimbi akiwa bado anawaza, Bi Nyati mwenyewe akafoka kutoka kibarazani: "We Mama Zawena! Mkweo umemsimamisha juani, hata kigoda hujampa! Ndivyo walivyokufunza kwenu?"

Kumbe lile neno "mkwe" lilikuwa limemfikia Bi Nyati, na kwa Bi Nyati mila ni mila.

Hapo ndipo nilipoona sharubu za Bi Pimbi zimesimama. Akavuta kanga kichwani, akapiga goti.

"Nisamehe, baba mkwe. Gunia lipo. Ila liko chumbani, chini ya kitanda, na mikono yangu hii haiwezi kulinyanyua." Akapaza sauti, maneno yavuke uwanja. "Basi baba mkwe, UINGIE CHUMBANI KWANGU ulichukue mwenyewe!"

"Weeeeee!"

Bi Nyati alisimama, mgongo na vyote. "Nani aingie wapi?"

Fisi alikuwa keshanyanyua mguu. Mguu ukabaki hewani.

"Hakuna, mama! Hakuna! Mimi niingie? Hasha! Najua mila."

"Mkwe haingii chumbani kwa mkamwana, hata nyumba ikiungua!"

"Hata ikiungua, mama! Ndivyo nilivyokuwa namwambia!"

Bi Nyati akaketi, lakini pepeo akaliweka chini. Macho yote mlangoni kwa Bi Pimbi.

Jua likawaka. Udi ukaanza kunuka jasho. Gunia liko hatua sita tu, na Fisi hawezi kuvuka kizingiti, kwa sababu amejifanya mkwe kwa mdomo wake mwenyewe. Akainama, akanong'ona, meno hayakufunguka.

"Lisukume mpaka mlangoni, binti. Taratibu. Kabla sijasahau kwamba mimi ni mkweo."

Manyoya yalinisimama mimi, sembuse Bi Pimbi! Lakini hakurudi nyuma. Aliuliza tu, mpole vilevile:

"Na huyu anayesukuma mkokoteni, ni nani kwako, baba?"

"Huyu? Ni... ni mwanangu."

"Mwanao! Basi ni shemeji yangu!" Akaruka kwa furaha. "Mama! Mama Nyati! Kumbe nina shemeji!"

"Shemeji hana mwiko," Bi Nyati akatoa hukumu. "Shemeji aingie."

Uso wa Fisi ukang'aa. "Ingia, mwanangu. Kamsaidie shemejio."

"Karibu, shemeji," alisema Bi Pimbi, na utani ukaanza. "Lakini meno hayo utayaweka wapi? Utanichania pazia!"

"Aa, shemeji bwana!" Ngiri akacheka, amefurahi, maana nafikiri hajawahi kutaniwa kwa wema maishani. "Sisi kwetu hatuingii kwa mbele. Tunaingia kinyumenyume, meno yanabaki nje kulinda."

"Ndivyo ninavyopenda mimi. Ngoja nitangulie nikuonyeshe."

Pururu! Bi Pimbi akazama ndani. Akambeba Zawena, akamweka pembeni kabisa, nyuma ya gunia. Akasubiri gizani, anasikiliza.

Ngiri akageuka. Matako yakatangulia. Kuru. Kuru. Kuru. Giza likazidi, hewa ikapungua, mwili ule mkubwa unazidi kuja. Bi Pimbi kabanwa ukutani na mtoto kifuani. Je, asiponasa? Kama mwamba utamwachia apite?

Kwaaa!

"Shemeji," alisema Ngiri. "Nimenasa."

"Pole, shemeji."

Na Bi Pimbi akafungua kinywa. Mwili wake mdogo, lakini mnajua ana meno mawili ya mbele kama patasi? Akayalenga pale penye nyama nyingi.

Ng'wa!

"UWIIIIII! We Fisi! Nivute, mpumbavu wewe! Naliwa huku nyuma!"

Kule kibarazani Bi Nyati alishika kifua. "Haa! Mtoto anamwita baba yake *We Fisi*? *Mpumbavu wewe*?"

"Nyamaza!" Fisi alimfokea Ngiri.

Ng'wa!

"UWIIII! Nilikwambia tuishie kwa yule bibi mjinga mwenye mgongo! Ukaona tamaa! Nivute!"

Fisi akachanganyikiwa. Akadaka yale meno marefu ya Ngiri, akavuta. Hii-haa! Hatoki. Akakanyaga kizingiti apate nguvu. Hii-haa! Mguu wa pili ukafuata. Hii-haa! Kofia ikaanguka, kichwa kikazama ndani, mkia pekee ndio ukabaki barazani.

Bi Nyati hakuona mwizi, makinda. Naapa hakuona mwizi. Aliona baba mkwe, mchana kweupe, siku ya sikukuu, kaingiza kichwa chumbani kwa mkamwana.

"MILA GANI HIYO?"

Gudu, gudu, gudu, gudu! Vumbi! Ardhi inatikisika!

PAAA!

Kanzu ikalia chraaa. Fisi akapaa, nilipishana naye angani, alinipa hata salamu. Akatua kwenye miiba, akaondoka na kola tu shingoni. Ngiri naye, kwa kishindo kile, akachomoka kama kizibo, pwaa! Akakimbia mkia juu wima, na mpaka leo ukoo wake hukimbia hivyohivyo.

Vumbi likatua. Ng'ambo ya mto, ndi-ndi-ti.

Bi Nyati akabaki anahema. "Mama Zawena, mwanangu, nisamehe. Nimempiga mkweo."

Bi Pimbi akatoka, Zawena mgongoni. "Mama, kabla hujaniomba radhi, angalia kwenye mkokoteni."

Bi Nyati akaangalia. Akaugusa mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akauchukua mwiko, akaugeuzageuza.

"Mafuta ya kuchua," alisema polepole. "Hata hayo alidanganya?"

"Hata hayo, mama."

Bi Nyati akaketi chini pale pale vumbini. "Na mimi nikaongeza na mwiko. Ulimjuaje, mwanangu?"

"Baba Zawena ana kofia?"

"Kofia? Kichwa kile?"

Wakatazamana. Bi Nyati akaanza kucheka, Bi Pimbi akafuatia, wakacheka mpaka machozi, ingawa machozi mengine, mimi niliyekuwa juu niliyaona, hayakuwa ya kicheko. Mvua ya kwanza ilipodondoka, kila mlango wa Jiweni ulikuja mwambani ukachukua mbegu zake, na hakuna aliyekosa hata punje.

Hadithi imekwisha. Mnangoja nini? Nendeni.

Eti nini? Wewe kinda mdogo pale nyuma, sema kwa sauti. *Kaka Chiriku, Fisi aliijuaje homa ya Zawena?*

Hilo swali nani kakutuma?

Haya. Kuna kipande nilikiruka. Siku mbili kabla ya sikukuu, Fisi alinikuta mtoni. Akaniambia, "Chiriku, nasikia wewe ndiye gazeti la Jiweni, hakuna jambo lisilopita mdomoni mwako." Hakunipa hata punje ya mtama. Alinisifu tu. Nikamwambia yote: nani anaondoka, nani anabaki, mgongo wa nani unauma, mtoto wa nani anaumwa, gunia liko chini ya kitanda cha nani. Na siku ile, alipopita na mkokoteni chini ya paa, aliinua macho akanikonyeza, kama rafiki. Ndiyo maana sikupiga kelele. Si woga. Ilikuwa aibu.

Bi Pimbi hajui mpaka leo. Kila asubuhi ananitupia makombo, ananiita jirani mwema.

Sikukuu ikikaribia, makinda, kabla ya kufunga mlango, funga mdomo.