Makungu na Wezi Ambao Hawajaiba

Hapo zamani, zama ambazo mlango ulifungwa kwa kamba na mgeni akaiheshimu ile kamba, palikuwa na mji uitwao Kirumbi, na katika mji huo alikaa msuka kamba mmoja jina lake Makungu. Mali yake yote ilikuwa mikono miwili, rundo la usumba wa nazi, na ulimi ambao mkewe, Binti Sudi, alikuwa akisema ungetiwa katika mizani ungemzidi mwenyewe kwa uzito.

Basi ikawa mji ule umeingiliwa na genge la wezi waliojiita Paka wa Darini. Hawakuvunja milango wala hawakumpiga mtu. Walingoja saa ya adhuhuri, watu wamekula wamelala, wakaegemeza ngazi ukutani, wakaingia kwa juu na kutoka kwa juu. Waliiba mazulia, waliiba mbuzi, hata siku moja waliiba sufuria ya pilau ya harusi ingali inachemka, na moto wakauacha. Waliibebaje, msiniulize, yuko aliyeona mfuniko wake ukisafiri juu ya mapaa, naye aliapa mbele ya kadhi.

Sultani wa mji, Sultani Darweshi, akaghadhibika, akamwamuru Waziri Badi akusanye wanazuoni wauchunguze wizi, asili yake na dawa yake. Wakakusanywa kumi na wawili, wakakaa jumbani miaka miwili wakila na kuandika. Hata kikatoka kitabu kinene, kikabebwa na watu wawili mpaka uwanjani, na Waziri Badi akakisoma tangu asubuhi hata jua likawa utosini. Nacho kilisema kwamba wezi ni watu wachukuao vitu visivyo vyao, kwamba wengi wao wana miguu miwili, na kwamba uchunguzi haujaisha.

Hapo Makungu akacheka, wala si kicheko cha kufichwa. Waziri akaacha kusoma, akauliza ni nani yule. Makungu akajibu kwa adabu kwamba alikuwa akingoja kusikia wale wezi walikuwa wakifanya nini siku moja kabla ya kuwa wezi, na kitabu kinaelekea kulisahau hilo.

Sultani akanena, "Ewe Makungu, kumbe wajua kuliko wanazuoni wangu?"

"Bwana wangu, mimi najua kamba tu."

Lakini Waziri alikuwa amekwisha kuaibika. Akamwinamia Sultani sikioni, kisha akanena kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kumkamata aliyeiba ni kazi ya askari. Wewe mwenye akili, tuletee mwizi kabla hajaiba. Una siku saba. Ukishindwa, utakatwa mkono wa kuume, badala ya mikono ya wale tuliowakosa."

Sultani akaitikia kwa kichwa, na ikawa imepita.

Makungu aliporudi nyumbani alimkuta Binti Sudi amekwisha pata habari, maana habari mbaya katika mji ule zilikuwa na miguu mirefu. Akamwambia, "Wanaume wenzio wakitaka kucheka huziba mdomo. Sasa utasuka kamba kwa meno?"

"Meno yenyewe yamebaki matatu, mke wangu."

"Basi tumekwisha."

Siku ya kwanza Makungu alizunguka mji akitafuta mtu mwenye sura ya kuja kuiba, akaona kila mtu anayo. Siku ya pili akachoka, akaenda kuketi kwenye kivuli cha banda la wafumi, na hapo ndipo mambo yalipomjia yenyewe.

Banda lile zamani lilikuwa likivuma kwa vitanda vya kufumia nguo, na vijana wote wa mtaa walifanya kazi humo. Sasa lina kufuli, na vijana wamekaa nje wakirusha vijiwe. Makungu akawauliza kulikoni. Wakamwambia kwamba nyumba ya Waziri Badi imepakana na banda, na Waziri hulala baada ya chakula cha mchana, na ule mgongano wa vitanda ulikuwa ukimkatia usingizi; kwa hiyo akafunga banda, na ufunguo akautia mfukoni.

Wakiwa katika mazungumzo hayo akaja bwana mmoja mnene, mpole, jina lake Shambi, na kapu la bajia za moto. Akawagawia vijana, akamgawia na Makungu. Hakutaka kitu, akaaga akaenda zake. Kesho yake akaja tena. Makungu akadadisi, akaambiwa kwamba mwenye bajia huleta siku tatu, na siku ya nne huomba msaada mdogo tu, kumshikia ngazi.

Makungu akala bajia zile kwa ajili ya uchunguzi, na kwa kuwa uchunguzi hautaki pupa, akala nyingi. Kisha akawahesabu vijana waliokwisha kula siku tatu, akapata arubaini. Asubuhi ya siku ya nne akaja na kamba yake ndefu kuliko zote, akawanong'oneza neno, wakacheka, wakashika kamba kila mtu mahali pake, akawaongoza mpaka barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu," akanena, "hawa ndio wezi wako kabla hawajaiba. Nimewawahi kwa saa mbili."

Sultani akawauliza kama ni kweli. Wakajibu kwamba ni kweli, leo adhuhuri wangeshika ngazi ya Paka wa Darini. Mmoja wao, jina lake Feruzi, akaomba yeye aandikwe kesho, maana leo jino lilikuwa linamuuma.

Waziri Badi akasema hawa si wezi kwa kuwa hawajaiba kitu, basi Makungu hakuleta mwizi. Akaulizwa kadhi. Kadhi akakuna ndevu, akanena kwamba kuwahukumu haiwezekani, maana hawajaiba. Na kuwaachilia haiwezekani, maana wamekiri wataiba. Basi wazuiliwe mpaka ijulikane kama ni wezi ama si wezi, na mkono wa Makungu ungoje vivyo hivyo.

Sasa katika mji wa Kirumbi palikuwa na desturi iliyowekwa na babu yake Sultani, aliyepata kumfunga mtu bure na akajuta maisha yake yote. Mtu akizuiliwa na hatia yake haijathibiti, huyo ni mgeni wa Sultani, na hula katika sinia moja na Sultani, kile kile alacho yeye, mpaka hatia ithibiti.

"Na hatia ya hawa itathibiti lini?" akauliza Waziri.

"Wakiiba," akajibu kadhi.

"Na wataibaje hali wamezuiliwa?"

"Hawawezi."

Mpishi wa jumba akaketi chini.

Basi wakala. Siku ya kwanza Sultani alipata paja la kuku. Siku ya pili akapata bawa. Siku ya tatu akapata shingo, tena aliiwahi. Na huko mjini Shambi alikosa mtu wa kumshikia ngazi, akaipanda peke yake na unene wake, ngazi ikateleza, akabaki ananing'inia ukutani kwa mwoka mikate mpaka watu walipoamka. Wenziwe walipoona hivyo wakaja langoni kuomba nao wazuiliwe. Askari akawauliza kama wamepata kuiba. Wakasema ndiyo. Akawaambia basi sinia haliwahusu, akawatia gerezani.

Siku ya saba, ya mwisho katika zile alizopewa Makungu, Sultani akawateremkia wale vijana, njaa inamuuma, akawauliza wanataka nini ili wasiwe wezi. Feruzi akajibu, "Bwana wetu, sisi ni wafumi. Tufungulie banda."

"Nani amelifunga?"

Vijana wote wakamtazama Waziri Badi, na Waziri akatazama viatu vyake. Sultani akanyoosha mkono, na ufunguo ukatoka mfukoni.

Banda likafunguliwa saa ile ile. Vitanda vikaanza kugongana, na kwa kelele ile mtaa mzima ukashindwa kulala, na wala hapakuwa na mtu aliyelalamika ila mmoja. Sultani akasimama mlangoni akiwatazama vijana wanavyofuma. Ndipo Waziri akapata nafasi yake ya mwisho.

"Tazama, bwana wangu. Hawa ni wafumi wasio na kosa. Uliagiza mwizi, Makungu amekuletea wafumi. Na siku saba ndizo hizi."

Makungu akautazama mkono wake wa kuume, kisha akamgeukia Sultani.

"Bwana wangu, mwizi akiwahiwa kabla hajaiba, hivi ndivyo anavyofanana."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamtoka, na kadhi akacheka, na hata mpishi, aliyekuwa amekuja kuhakikisha kwamba wageni hawarudi, akacheka. Sultani akaushika ule mkono wa Makungu, akautia pete yake mwenyewe, akamwambia aende nao salama, na kamba zote za jumba atasuka yeye. Na Waziri Badi akapewa kazi ya kuwauliza wale wafungwa wa gerezani, mmoja mmoja, walikuwa wakifanya nini siku moja kabla ya kuwa wezi, akaambiwa aifanye baada ya chakula cha mchana.

Hapa ndipo nilipoifungia. Anayeona nimetia chumvi, na aende Kirumbi akaonje.