Mahali pa Mawe

Mtu mmoja, jina lake Lihami, alikuwa na mtumbwi, na kazi yake ilikuwa kuwasafirisha watu kwa mto kutoka vijiji vya juu hadi vya chini. Katikati ya safari mto ulibanwa na mawe, maji yakakimbia kwa kishindo na povu. Hapakuwa mahali pa kumwua mtu mwangalifu. Baba yake alimfundisha kwamba akifika hapo aegeshe, atembee ukingoni mpaka jiwe la mwisho, ayatazame maji, ndipo arudi kushika kasia.

Kwa miaka kumi na mmoja Lihami alifanya hivyo. Siku moja akiwa na haraka, alipita bila kushuka, na hakupatwa na lolote. Akapita hivyo tena, na tena, abiria wakamsifu. Mto ulipomnyamazia, alidhani umemruhusu.

Baada ya mvua kubwa za milimani alimchukua Mpangile, kaka wa mkewe, aliyekuwa akienda kumwona mwanawe aliyezaliwa juma lile. Walipoyakaribia mawe, Mpangile aliyatazama yale maji mekundu, akasema kwa upole, "Shemeji, tushuke kwanza tuangalie."

Lihami hakumjibu vibaya. Alimwambia tu akae vizuri, kwani njia anaijua. Na kweli aliijua. Lakini mafuriko yalikuwa yameangusha mti mkubwa, ukalala katikati ya njia hiyo, nyuma ya jiwe la mwisho, ambako mtu aliyetembea ukingoni angeuona mara moja.

Mtumbwi uligonga, ukapinduka. Lihami alitupwa kando, akashika mizizi ya ukingoni. Mpangile alisukumwa na maji chini ya matawi. Watu walimtoa kesho yake, amekwisha kufa.

Sekela, mke wa Lihami, hakumlaumu mbele za watu. Waombolezaji walipokwisha kuondoka alimwuliza jambo moja: "Kushuka na kutazama kungewachukua muda gani?"

Lihami akasema, "Muda wa kunywa kikombe cha chai."

Sekela aliondoka kwenda kukaa na mjane wa kaka yake, na Lihami akabaki peke yake na jibu lake.

Nanyi mnaonisikiliza, ni mara ngapi mmevuka salama pasipo kutazama, mkarudi nyumbani mkiuita huo ujuzi?