Kwa Nini Wajumbe wa Busaro na Ihangi Hubadilishana Viti

Mnacheka mnapowaona wajumbe wa Busaro na Ihangi wakibadilishana viti kabla ya mazungumzo. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipokuwa na umri wenu. Lakini kaeni niwaeleze jambo hilo lilivyoanza.

Hapo kale, mto Mwira ulipokuwa bado hauna daraja, nchi hizo mbili hazikuaminiana hata chembe. Busaro ilitawaliwa na Kamuzora, bwana mwenye kiburi kuliko jogoo. Ihangi ilitawaliwa na Nyangoma, mama mtu mzima asiyepepesa macho mbele ya yeyote. Wezi wa ng'ombe kutoka msituni waliijua chuki hiyo. Wakiiba Busaro walikimbilia Ihangi, na walinzi wa Ihangi waliwatazama wakipita. Wakiiba Ihangi, Busaro nao waliangalia pembeni. Kila upande ulifurahia msiba wa mwenzake, huku mazizi yakibaki matupu na watoto wakikosa maziwa.

Hatimaye watawala walikubali kukutana kivukoni. Kila mmoja alibebewa kiti chake cha enzi. Kwa mila za pande zote mbili, aliyekalia kiti cha mtawala alihesabiwa mtoto wa nyumba ya mtawala huyo, na ilikuwa mwiko kwa watu wa nyumba hiyo kumwaga damu yake. Lakini kwa kuwa kukikalia kulikuwa kukubali kuwa mtoto wa mwingine, hakuna aliyekikalia ila mwenyewe.

Shida ikawa nani atangulie kuketi, maana kila mmoja aliona kwamba atakayetangulia ndiye mdogo. Basi wakasimama. Walisalimiana wamesimama, wakala wamesimama, jioni wakaagana wamesimama. Siku ya pili ikawa vilevile. Upuuzi mtupu, nawaambia! Siku ya tatu asubuhi akaja mlinzi akihema: wezi wameonekana vilimani, wengi kuliko siku zote, na kufikia alasiri watakuwa kivukoni. Kamuzora hakutikisika.

Nyangoma alitazama miguu yake iliyovimba. "Bwana wee," akasema, "miguu inaniwaka moto, na watu wangu hawana tena ng'ombe wa kupoteza."

Akakipita kiti chake mwenyewe, akaenda kuketi juu ya kiti cha Kamuzora. Askari wa Busaro wakainua mikuki, kisha wakakumbuka mwiko, wakaishusha polepole.

"Haya, baba," Nyangoma akasema. "Mwanao nimefika. Utanilinda, au hutanilinda?"

Mara kicheko kikamtoka Kamuzora, akacheka mpaka machozi yakamlenga. Akavuka upande wa pili, akaketi juu ya kiti cha Nyangoma.

"Basi na mimi ni mwanao, mama. Tufanyeje?"

Hawakuchukua muda. Walikubaliana kwamba walinzi wa nchi zote mbili watakaa kivukoni pamoja, na akiibiwa mmoja, watawafukuza wezi wote kwa pamoja. Alasiri wezi waliposhuka vilimani walikuta ngao za Busaro na za Ihangi zimepangwa mstari mmoja. Waligeuka bila kurusha hata mkuki. Furaha iliyokuwako kivukoni siku ile siwezi kuieleza ikatosha.

Na tangu siku hiyo, wajumbe wa nchi hizo hawafungui mazungumzo kabla ya kila mmoja kukalia kiti cha mwenzake. Hata mawaziri wa leo, na suti zao, hufanya hivyo. Asiyetaka hapigiwi kelele. Hupewa chakula akashiba, hushukuriwa kwa kuja, kisha huambiwa arudi siku atakapochoka kusimama.