Shukrani za Futari ya Haji Mbaruku

Isome yote kwanza, ndipo umtumie mwenzio. Kidole gumba cha kusifu bila kusoma sikitaki.

Kulikuwa na mwandishi aitwaye Mwinyimvua. Alisomea uchumi, alifundisha darsa msikitini, na kila wiki aliandika gazetini kuhusu bei, mishahara na haki ya mnyonge. Yeye na mkewe Zawena walipanga nyumba ya Haji Mbaruku, tajiri wa sukari.

Mwaka huo, Ramadhani ilipokaribia, Haji alifungia sukari yote ghalani. Bei ikapanda maradufu. Kisha, kama kawaida yake, akaufuturisha mtaa mzima bure kwa uji mtamu na tende. Watu wakamwombea dua, masikini.

Haji akamwita Mwinyimvua. "Wewe una kalamu. Andika shukrani, uzisome kesho mbele ya watu."

"Nitaandika ninachokijua, Haji."

"Andika vizuri. Nyumba ile wanaitaka wengi."

Zawena alipoambiwa, alimsihi mumewe. "Baba, msifie tu yaishe. Tutakwenda wapi?"

Mwinyimvua aliogopa, tusidanganyane.

Kesho yake kwenye futari, watu wakiwa na bakuli mkononi, alisimama akasoma. "Tunamshukuru Haji Mbaruku kwa uji huu. Sukari iliyomo ndiyo tuliyoshindwa kuinunua, kwa sababu ameificha. Haji, fungua ghala, tujipikie wenyewe."

Watu wakamjia juu, tena wale wale aliowatetea.

"Kaa chini wewe! Unataka tukose futari?" Mmoja akamvuta kanzu.

Haji Mbaruku aliweka bakuli lake chini, akaondoka. Aibu ilimshika, na hasira pia.

Asubuhi ghala lilifunguliwa, sukari ikauzwa kwa bei ya zamani. Asubuhi hiyohiyo vyombo vya Mwinyimvua vilitolewa nje. Watu walipita na vifurushi vyao vya sukari, wakaangalia pembeni. Hapo mimi roho huniuma kila ninaposimulia.

Zawena alikuwa ameketi juu ya godoro, kando ya barabara. "Haya, tumepata nini?"

"Sukari imeshuka."

"Imeshuka kwao. Na sisi je?"

"Na sisi tutanunua kwa bei hiyohiyo, mke wangu."

Zawena alicheka huku machozi yakimtoka. Akachukua kikapu, akaenda kupanga foleni.

Funzo: Usimpe mtu sadaka huku umeishikilia haki yake. Na wewe unayeitetea haki, usingoje kushangiliwa.