Mama Mize na Magoti ya Chui

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuinjika vyungu jikoni, aliishi pimbi mmoja mjane, stadi wa kuunga mifupa. Alikuwa na watoto watatu. Chui akala wawili. Akabaki binti yake Mize tu, na mjane huyo akaitwa Mama Mize.

Siku moja Chui aliruka jabali, akateleza. Krak! Goti likateguka. Akachechemea mpaka kwa Mama Mize, akamkamata Mize na kumtia kwenye tenga dogo, akaenda naye kwake.

"Njoo uniponye!" alinguruma akiondoka. "Nikitembea, nitamfungua."

Mama Mize alijua atamfungua ili amle. Hata hivyo akaenda.

Alimkuta Chui kitandani, tenga kalifanya mto wa kichwa. Akalirudisha goti mahali pake, kisha akasema kwa upole, "Bwana mkubwa, msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Wa mbele ukivuta, wa nyuma hulegea, goti likanyooka. Wa nyuma ukivuta, wa mbele hulegea, goti likakunjika. Misuli yako imegombana, yote inavuta pamoja. Dawa ni kuilaza."

"Basi nifunge huo mguu!"

"Mmoja ukilala na mitatu ikacheza, itauamsha. Tufunge yote."

"Ee! Una akili wewe. Funga!"

Akamfunga mabanzi na kamba miguu yote minne. Kwa nini hakumpokonya mtoto siku ileile? Thubutu! Meno yalikuwapo, na miguu ile yenye nguvu ingezikata kamba mara moja. Ilibidi misuli inyauke kwanza.

Masika yakaanza, yakaisha. Kila siku Mama Mize alimlisha Chui uji, huku akipenyeza majani kwenye matundu ya tenga.

"Mama, nitoe," Mize alilia.

"Bado, mwanangu."

"Naumia, mama."

"Bado kidogo." Akatoka nje, akalia huku ameziba mdomo.

Hatimaye akazifungua kamba. Miguu ya Chui ilikuwa imekonda kama mipini ya majembe. Chui akacheka, akajitupa amrukie. Loo! Goti likakataa kukunjika, msuli ukakataa kuvuta. Puu! Akaanguka sakafuni.

"Inuka, mguu! Inuka!"

Haukuinuka.

Mama Mize akalinyakua tenga, mbio, puru puru puru, hadi nyumbani. Akafungua kifuniko.

"Toka, mwanangu! Tumepona!"

Mize hakutoka. Alikuwa amejikunja vilevile, magoti kidevuni. Mama akamvuta mguu, mtoto akapiga yowe.

"Mama, haunyooki."

Mama Mize akaketi, akampakata. Akalikanda lile goti, akavuta kidogo, akakanda tena, huku mtoto akilia na yeye akilia. Halikunyooka siku ile, wala kesho yake.

Wanangu, anayemtega mwonevu taratibu, aangalie ni nani anayeumia akiungoja mtego huo.